Miezi Minane ya Papalo

Tangu jana alasiri Hulda hakuwa na hakika na kitu chochote, hata chumvi. Alionja maharagwe, akakunja uso, akajua ameitia mara mbili.

"Ongeza maji," mamake alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. "Na akili pia, kama imebaki mahali. Kesho ukiwapikia wageni hivyo watasema tumewaita tuwaue."

"Kesho sipiki mimi, mama. Kesho mimi ni wa kuulizwa."

"Basi na hilo jibu lako usilitie chumvi mara mbili."

Ulimi wa mamake, Bi Susan, ulijulikana kijiji kizima cha Wema, na Hulda alikuwa ameuzoea. Kilichomtesa siku hiyo kilikuwa kingine. Kesho, Jumamosi saa nne asubuhi, wazee wa upande wa Dan wangekuja kumposa. Nyumbani kwao desturi ilikuwa kwamba msichana huitwa mbele ya wageni, huulizwa, na akishajibu neno lake halirudi nyuma. Na leo, Ijumaa, wakati wowote kuanzia sasa, Jasper angeshuka Garsen kutoka Doha, avuke na pikipiki mpaka hapa, aulize kile alichokuwa akiuliza karibu kila wiki kwa miezi minane.

Mmea vipi?

Maneno mawili tu. Hakuwahi kuandika "nimekukumbuka". Hakuwahi kuandika "usiolewe, ningoje", na Mungu anajua Hulda aliyangoja maneno hayo mpaka macho yakamwuma kwa kutazama simu. Ni mmea vipi, mmea umefika wapi, mmea unapata jua?

Ilianzia kwenye hoteli yake ndogo pale Garsen, mabati manne na meza mbili. Jasper, kijana wa kijiji jirani cha Hewani, mpishi wa hoteli kubwa ya Malindi, alipita akaagiza maharagwe, akala, akaagiza tena. Kisha akamwambia kwamba yule mpishi mkuu wao, mzee wa Meksiko, alikuwa na jani moja la harufu kali, laitwa papalo, lakatwa bichi juu ya maharagwe yakiwa moto, na ukilizoea huwezi tena kula maharagwe bila hilo. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Siku ya kuagana, alipopata kazi Doha, alimwekea kiganjani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na mbegu nyembamba nyeusi, kila moja na manyoya yake.

"Nioteshee," alisema. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa habari ya mbegu. Halafu akaenda zake.

Hulda akaziotesha. Alichukua karai kuukuu, babake akamjazia tope jipya la ukingoni, lile linaloachwa na mto ukishashuka, maana hakuna mtu wa kando ya Tana anayeamini udongo mwingine. Akazididimiza mbegu kina cha pingili ya kidole, kama mahindi. Akamwagia maji. Siku ya tisa kikachomoza kijani, naye akapiga picha akampelekea Jasper. Jibu likarudi baada ya saa nzima: Ndio huo.

Basi akauamini. Ulipokomaa alichuma mbegu zake akapanda tena. Alikata majani juu ya maharagwe pale hotelini na kuandika ubaoni kwa chaki MAHARAGWE YA MEKSIKO, na wachuuzi wa ng'ombe waliyala wakasema yana harufu ya duka la dawa, wakaongeza sahani. Aliwagawia miche majirani watatu. Kwa kifupi, alilea.

Sasa jana Dan alikuwa amekuja kusalimu. Dan alikuwa afisa wa kilimo, mtu wa shati lililopigwa pasi, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, hana neno baya kwa mtu. Alizunguka nyuma ya jiko kunawa mikono, akaona karai, akainama. Akaponda jani, akanusa.

"Hulda, hili umelitoa wapi?"

"Ni papalo. Mboga ya Meksiko." Alilisema kwa kiburi kidogo.

Dan alifuta vidole kwenye leso yake, kimoja kimoja. "Sipendi kukuvunja moyo," alisema. "Lakini hili nalijua. Nikiwa chuoni Embu tulilipalilia mpaka tukaliota usingizini. Ni gugu la bara. Mafuriko yamelileta huku na tope. Ling'oe kabla halijakauka mbegu, maana likiingia mashambani, wajukuu wetu watalilima mpaka wazeeke." Aliposikia mwenyewe amesema "wajukuu wetu" aliona haya, akaaga.

Kwa dakika moja tu, Dan alikuwa amemwambia ukweli ambao Jasper hakumwambia kwa miezi minane. Je, Jasper alijua? Kama hakujua, alikuwa mjinga kama yeye, na ujinga unasameheka. Kama alijua... Hapo ndipo akili ya Hulda ilipokuwa ikifika inageuka, inaanza upya. Na chumvi ikaingia mara mbili.

Pikipiki ilisimama nje saa tisa.

"Hodi hapa!"

Hulda alikuwa amejiapiza hatatoka mbio. Alitoka mbio, mwiko mkononi.

Jasper alikuwa amenenepa kidogo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama mpya ya kuungua. Alisimama karibu na begi lake bila kuligusa. Alimtazama Hulda kuanzia kilemba mpaka miguu mitupu, akarudi usoni, akakaa hapo, na Hulda akahisi joto linampanda shingoni mbele ya mamake mzazi.

"Hulda."

"Jasper."

Basi. Safari yote ile, majina mawili.

Bi Susan alikohoa. "Na sisi wengine tupo."

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Umerudi mzima?"

"Mzima, mama."

"Vizuri. Babako bado analima peke yake na kiuno kile. Mtoto wake wa kiume yuko ng'ambo, anakata vitunguu."

"Najua, mama," Jasper alisema taratibu. Hakujitetea. Tabia hiyo ya kutojitetea ndiyo iliyokuwa ikimvutia Hulda, na ndiyo iliyokuwa ikimtia wazimu.

"Njoo," Hulda alimwambia. "Njoo nikuonyeshe mmea wako."

Nyuma ya jiko mmea ulikuwa umefika kiunoni, majani yake membamba yamechanika-chanika, vichwa vyake vimeanza kukauka. Harufu ilikuwa kama maganda ya chungwa yaliyomwagikiwa mafuta ya taa. Hulda alisimama kando, akamkazia Jasper macho ausome uso wake.

Jasper hakuutazama mmea. Alimtazama yeye.

"Huuangalii?"

"Nimekuangalia wewe kwanza."

Siku nyingine yoyote Hulda angeyeyuka. "Uangalie," alisema.

Aliutupia jicho. "Umestawi."

"Nini kimestawi?"

"Mmea."

"Utaje jina."

Kuku mmoja alipita katikati yao, akachakura, akaenda zake.

"Jasper, utaje jina. Wewe ndiye uliyenipa. Miezi minane unaniuliza hali yake. Unaitwaje huu?"

"Si papalo," Jasper alisema.

Hulda alikuwa amejiandaa abishiwe. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kumsuta atakapobisha. Hakubishiwa, na maneno hayo hayakuwa na kazi tena.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu picha ya kwanza."

"Ya kwanza!"

"Papalo ina jani la mviringo, Hulda. Na haifukiwi. Inarushwa juu ya udongo tu, ione jua. Sikukuambia. Nilikupa mbegu nikasahau kukupa maelezo, maana nilikuwa na jambo jingine la kusema siku ile, na hilo nalo sikulisema. Zako zilioza chini. Huo umekuja na tope. Tuko na kijana mmoja wa Nyeri jikoni, nilimwonyesha picha. Alicheka mpaka akaangusha sufuria."

"Alicheka." Sauti ya Hulda ilipanda. "Mkanicheka!"

"Mimi sikucheka."

"Ukaniandikia 'ndio huo'."

"Kwanza niliandika 'sio'. Nikafuta. Nikaandika 'pole, sio', nikafuta. Saa nzima. Wewe ulikuwa umeandika nini na ile picha? Unakumbuka?"

Alikumbuka. Jasper umeota, nimelia. Aliandika hivyo, na kweli alikuwa amelia, amechuchumaa hapa hapa penye karai.

"Ningekuambiaje umelilia gugu?" Jasper alisema.

"Kwa mdomo! Kama watu wanavyoambiana! Dan ameniambia kwa dakika moja!"

Jina la Dan lilimfikia Jasper palipouma. Aliinamisha kichwa. Habari ya wazee wa kesho alikuwa amekwisha kuipata Garsen kabla hajashuka vizuri. Garsen haina siri ya zaidi ya nusu saa.

"Dan ni mtu mzuri," alisema.

"Sikukuuliza kama ni mzuri!"

"Najua."

"Usiniambie najua! Niambie kwa nini. Sawa, siku ya kwanza ulinihurumia. Na wiki ya pili? Na mwezi wa tano? Mmea vipi, mmea vipi, unajua ni gugu, unaniuliza gugu vipi! Ulikuwa unanifanya mchezo?"

Jasper alichukua jani, akalipindapinda vidoleni. Hulda alitamani amtikise, maneno yamwanguke kama maembe.

"Mwezi wa kwanza nilikuuliza hujambo," Jasper alianza hatimaye. "Ukajibu 'sijambo'. Kisha kimya wiki mbili. Nikakuuliza kazi inaendeleaje. 'Vizuri'. Kimya tena. Nikakuuliza mmea vipi, ukaniandikia ukurasa mzima. Kwamba umeuhamisha upande wa jua, kwamba babako alikusaidia, kwamba anaanza kusahau majina ya watu, na unaogopa. Uliniandikia hayo ndani ya habari ya mmea. Basi nikajua mlango uko wapi. Ningeufungaje?"

Hulda aliugeuza mwiko mkononi.

"Maji yalipoingia hapa mwezi wa kumi na moja, ukaandika umelibeba karai kichwani mpaka shuleni mlikokimbilia. Niliisoma nimekaa stoo kati ya magunia ya vitunguu. Bosi alikuja kunitafuta. Nilimwambia kitunguu kimeniingia machoni."

"Wenzangu walibeba magodoro," Hulda alisema. "Watu walibeba magodoro na unga, Jasper. Mimi nilibeba gugu. Mama akanitukana njia nzima. Na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ungeniambia niliache."

"Niliogopa."

"Uogope nini?"

"Usingekuwa na cha kuniandikia tena," Jasper alisema, akivuta kamasi.

Msomaji, ni vigumu kumchukia mtu anayesema maneno kama hayo akiwa na kamasi puani. Lakini ni vigumu pia kumsamehe. Hulda alisimama hapo, mwiko bado mkononi, akashindwa kujua kati ya watu wawili ni yupi aliyempenda yeye kweli: aliyemvunja moyo kwa dakika moja kwa sababu alistahili ukweli, au aliyemtunzia furaha yake ya uongo kwa miezi minane kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuomba ya kweli. Na kibaya zaidi, mwenyewe alikuwa msafi? Yeye naye aliandika kurasa za udongo na jua, na kila sentensi ilikuwa na maana moja tu, rudi. Mbona hakuliandika hilo neno?

Kisha akakumbuka majirani.

"Nimewapa watu," alisema.

"Umewapa nini?"

"Miche. Darmi muuza maziwa. Mama Lavender. Na mama Christabel, huyo amepanda mstari mzima ukingoni mwa shamba lake la mpunga. Niliwaambia ni mboga. Dan anasema likimwaga mbegu mashambani halitoki."

Uso wa Jasper ulibadilika. Kwa mara ya kwanza aliutazama mmea kweli, akatazama vichwa vile vilivyoanza kukauka.

"Hilo sikulijua, Hulda."

"Ungelijuaje? Ulikuwa unafurahia kusoma."

"Njia ya mwongo fupi," ilisema sauti ya Bi Susan pembeni mwa jiko, alikokuwa amesimama na ungo wake kwa muda usiojulikana. "Hii yako, kijana, imefika mpaka ukingo wa shamba la watu."

Hulda aliweka mwiko juu ya jiwe. Alichukua gunia, akampa Jasper jembe la babake.

"Wewe ndiye uliyesema 'ndio huo'," alimwambia. "Twende ukawaambie kwamba sio. Mmoja mmoja. Mimi sifungui mdomo."

Darmi walimkuta akisuuza vibuyu vya maziwa. Alimsikiliza Jasper akigugumia, akamtazama Hulda, akamtazama Jasper tena.

"Kwani iko sumu?"

"Haina sumu, mama. Ni gugu."

"Mimi naweka kwa mlango ya mbuzi, nzi inakimbia. Sasa nyinyi nataka toa, nzi itaenda wapi?"

"Itarudi, mama. Nisamehe."

"Wewe ndiyo iko na makosa?"

"Ni mimi."

"Basi ng'oa pole pole, usiamushe mtoto," Darmi alisema, akaendelea na vibuyu vyake.

Mama Lavender alicheka mpaka akakaa chini. Akataka hadithi yote tangu mwanzo, akaita watu wa nyumbani waje waisikie, na Jasper akaisema mara ya pili, jasho likimtoka, huku Hulda akitazama kando. "Na siku ile ya harusi ya Hope tulilila na wali!" Mama Lavender alipiga mapaja. "Tukaulizana mapishi! Lo, Hulda, mwanangu, penzi limekulisha majani."

"Si penzi," Hulda alisema kwa haraka. Halafu akakumbuka kwamba alisema hatafungua mdomo.

Walitembea kuelekea kwa mama Christabel bila kuzungumza, gunia likiwa limeanza kujaa, harufu kali ikiwafuata. Hulda alikuwa ameiacha nyumba hiyo iwe ya mwisho kwa makusudi. Mama Christabel alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke asiyecheka ovyo. Pia alikuwa shangazi yake Dan. Kesho saa nne yeye ndiye angeongoza wanawake wa upande wa kuposa.

Walimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba, leso imefungwa kiunoni. Alitazama jembe, akatazama gunia, akamtazama Jasper.

"Huyu si mtoto wa Hewani aliyekwenda Uarabuni?"

"Ndiye, mama," Jasper alisema. "Hujambo."

"Sijambo. Sema."

Jasper alisema. Safari hii hakugugumia sana. Kosa likisemwa mara tatu linaanza kupata njia. Alisema mbegu zilikuwa zake, na maelezo hakuyatoa. Alisema aliona picha akajua, akadanganya, na Hulda hakujua lolote mpaka jana. Alisema atang'oa mstari wote kwa mikono yake, na mwaka kesho mvua ikinyesha atakuja tena kupalilia yatakayochipuka.

"Dan aliniambia jana jioni," mama Christabel alisema. "Nilikuwa nangoja nione nani atakuja." Alimgeukia Hulda, akamkagua, akamrudia Jasper. "Jambo moja sijalielewa. Gugu nimelielewa, na mafuriko nimeyaelewa. Wewe, mtu mzima, kwa nini ulimdanganya mtoto wa watu miezi minane?"

Jasper alimtazama Hulda.

"Usimtazame yeye. Nimeuliza mimi."

Upepo ulilaza mpunga, ukauinua. Hulda alifikiri Jasper atasema "najua, mama", au "nisamehe, mama", apige jembe, na mambo yaishe hapo, kesho awajibu wazee kwa moyo mtulivu. Karibu atamani iwe hivyo.

"Kwa sababu nampenda," Jasper alisema. Sauti ilikuwa imepauka, lakini ilisikika. "Nampenda tangu kwenye maharagwe. Nilikuwa sijui kulisema, mama, nikaona afadhali niulize mmea. Najua wewe ni shangazi yake Dan, na najua kesho mnakwenda kwao. Sikuja kuharibu. Lakini umeniuliza."

Mama Christabel aliinama, akang'oa shina moja kwa mkono wake mwenyewe, akalikung'uta udongo kwa nguvu kama linamdai.

Hulda machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira kwamba ana furaha. Alikuwa amelingoja neno hilo kwenye simu, usiku na mchana, na sasa lilikuwa limesemwa kwa mwanamke mwingine, kando ya shamba la mpunga, mbele ya gunia la magugu. Angempiga. Angemshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo, alitoa simu.

"Unampigia nani?" mama Christabel aliuliza.

"Dan."

"Ngoja kesho. Mambo haya yana utaratibu."

"Yeye hakungoja kesho kuniambia ukweli, mama. Nami sitamwacha avae suti aje aambiwe mbele ya watu."

Simu iliita mara mbili. "Dan, niko kwa shangazi yako," Hulda alisema. "Wazee wasije kesho."

Jasper aligeuka akatazama mto, kwa heshima, asisikilize.

"Ni kwa sababu ya lile gugu?" Dan aliuliza. "Nilikosea kukuambia?"

"Hukukosea. Ulifanya vizuri kuliko watu wote. Ni kwamba... Dan, ningekuitikia kesho, lakini moyo ungekuwa mahali pengine. Sijui uko wapi hasa. Najua tu haungekuwa hapo kitini. Nisamehe."

"Hebu mpe shangazi."

Mama Christabel aliichukua simu, akasikiliza, akaitikia "ee" mara tatu, akairudisha. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na hilo lilimkasirisha. "Amesema niwaambie mchome, msitupe mtoni," alisema. "Mtoto huyo! Hata sasa anafikiria mashamba ya watu."

Jasper alikuwa amesogea hatua moja. Usoni mwake kulikuwa kumeanza kupambazuka jambo, na Hulda aliliona akainua kidole.

"Usifurahi."

"Sijafurahi."

"Umefurahi, nakuona. Nimemkatalia Dan. Wewe sijakukubali. Hayo ni mambo mawili, na kichwa changu leo hakitoshi mawili. Bado nina hasira nawe. Nitakuwa nayo mwezi mzima, labda na zaidi."

"Nina wiki tatu tu za likizo, Hulda."

"Basi nitaharakisha hasira. Na usiniulize mmea tena maisha yako yote."

"Nitakuuliza nini?"

"Utajua mwenyewe." Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Kesho saa nne mama atakuwa amepika wali wa wageni, na wageni hawaji. Baba atakaa barazani amevaa koti lake akimngoja mtu aje aseme neno. Ukiwa na mzee wako, na kiuno chake kikiruhusu, njoeni. Mimi nitaitwa, nitaulizwa. Sijui nitajibu nini, Jasper. Nakuambia kweli, sijui."

Jasper alilishika jembe kwa mikono miwili. Uoga wote wa miezi minane ulikuwa umemrudia usoni kwa mkupuo mmoja. "Na mimi nikifika pale," aliuliza, "mbele ya babako, na mamako, na watu wote wale... nitasema nini?"

Mama Christabel alikuwa ameshawapa mgongo, ameinama kwenye mstari, anang'oa.

"Hayo hayo uliyoniambia mimi," alisema bila kugeuka. "Na uyaseme kwa sauti. Babake, Mzee Godhana, sikio lake la kulia halisikii."